Joto la Jangwani na Ukunjufu wa Barazani

Joto, kwa maana inayofundishwa katika fizikia, ni nishati inayohama kutoka katika kitu chenye halijoto ya juu kwenda katika kitu chenye halijoto ya chini, ilhali halijoto ni kipimo cha kasi ya mtikisiko wa chembe ndogo mno zinazounda kila kitu, kuanzia bati la paa hadi ngozi ya binadamu. Katika maana hiyo mna jambo ambalo aghalabu hupitwa haraka, nalo ni kwamba joto huhitaji pande mbili, mmoja ukitoa na mwingine ukipokea, na pande hizo zikishalingana halijoto hakuna kinachohama tena. Ukunjufu wa moyo, yaani hali ya mtu kumpokea mwenzake kwa uso uliofunguka, kumjali na kumfanya ajione yuko kwao, nao hauwezi kuwapo kwa mtu aliyejifungia peke yake. Katika nchi za baridi kali watu husogeleana mbele ya moto ili wapashane joto, na hisani ya moyo huko huelezwa kwa mfano wa moto huo. Jangwani na Kariakoo, mitaa ya katikati ya Dar es Salaam ambako shida ni joto lililozidi, mambo yamekwenda kinyume, kwa kuwa joto ndilo linalowatoa watu vyumbani na kuwakalisha pamoja nje, na sehemu kubwa ya ukunjufu unaosifiwa wa mitaa hiyo imezaliwa katika jitihada za kutafuta upepo.

Jangwani ni kata ya Wilaya ya Ilala iliyolala kando ya bonde la Mto Msimbazi, jirani na Kariakoo na ikitazamana na Magomeni iliyo ng'ambo ya bonde, na wengi nchini huijua kwa viwanja vyake vya mikutano ya hadhara, kwa shule yake ya sekondari ya wasichana na kwa makao makuu ya klabu ya soka ya Yanga. Jiji liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta na limekaa ufukweni, hivyo mwaka wake hugawanywa na mvua na pepo: kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, hufuatwa na masika, kisha kusi huleta kipupwe cha Juni hadi Agosti, wakati ambapo halijoto ya alfajiri hushuka hadi karibu nyuzi 18 au 19 za Selsiasi na wakazi wakaonekana wamevaa masweta. Mchana wa Januari na Februari halijoto hufika nyuzi 32 na wakati mwingine kuzidi, lakini kinachowachosha watu zaidi ni unyevu wa hewa, ambao huufanya usiku wa nyuzi 26 wa Dar es Salaam uwe mzito kuubeba kuliko mchana wa nyuzi 30 wa Dodoma.

Uzito huo unaelezeka. Mtu mzima aliyekaa tu bila kufanya kazi huzalisha joto la takriban wati 100, sawa na balbu ya zamani ya kiwango hicho inayowaka usiku na mchana, na ili mwili ubaki karibu na nyuzi 37 ni lazima joto hilo litoke kwa kasi ileile linayozalishwa. Hutoka kwa njia nne: kwa mpitisho, yaani kugusana na kitu kilichopoa kama sakafu ya saruji, kwa msafara, yaani hewa inayopita na kulibeba, kwa mnururisho, ambao ni joto kusafiri kama mwanga hadi kwenye vitu vya mbali bila kuhitaji kuvigusa, na kwa uvukizaji, yaani jasho kugeuka mvuke. Hewa ya nje inapokaribia halijoto ya ngozi, njia tatu za kwanza hudhoofu na mzigo wote huliangukia jasho, ambalo kila lita yake inayovukizwa huondoa mwilini takriban kilojouli 2,400. Hata hivyo, jasho hupoza pale tu linapovukizwa, na katika hewa iliyokwisha kujaa unyevu hutiririka bure mgongoni bila kumsaidia mtu, na hilo ndilo fukuto ambalo mkazi wa Kariakoo hulikimbia kila jioni.

Ni nyumba yenyewe inayomkimbiza. Sehemu kubwa ya Kariakoo ilipimwa viwanja kwa mistari iliyonyooka wakati wa utawala wa Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na jina lake likatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi hapo wakati wa vita hivyo. Juu ya viwanja hivyo wakazi walijenga ile inayoitwa nyumba ya Kiswahili, ambayo kwa kawaida ina vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi mwembamba unaotoka mlango wa mbele hadi uani, na huko uani ndiko kuliko jiko, bafu na choo vinavyotumiwa na wote. Mbele ya nyumba, chini ya ukingo wa paa, kuna baraza, yaani kiinuko cha udongo au saruji cha kukalia. Ukumbi huo ni njia ya watu na ni njia ya upepo pia, kwa sababu milango yote miwili ikiachwa wazi hewa huingia mbele na kutokea nyuma, lakini chumba, chenye dirisha moja na mara nyingi kikiwa na familia nzima iliyokipanga, hupata sehemu ndogo tu ya upepo huo.

Paa la makuti la zamani lilikuwa likizuia joto vizuri, kwa kuwa kuti lililokauka lina hewa nyingi ndani yake na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida. Mabati yaliyochukua nafasi yake hayavuji, hayashiki moto kirahisi na hudumu, na hakuna wa kumlaumu aliyeyachagua, lakini mchana hupata moto kiasi cha kunururisha joto moja kwa moja vichwani mwa walio chini yake. Usiku, bati ambalo ni jembamba hupoa upesi, ilhali ukuta wa matofali ya saruji, uliokuwa ukifyonza jua tangu asubuhi, huanza kulirudisha joto hilo chumbani saa mbili au saa tatu usiku, wakati ambapo hewa ya nje imekwisha kupungua makali. Kwa saa kadhaa za kila jioni, basi, ndani kuna joto kuliko nje, na tofauti hiyo ya nyuzi chache imefanya kazi ya kijamii ambayo hakuna mkuu wa mtaa angeweza kuifanya kwa kupiga mbiu. Mikeka hutandikwa barazani, viti vya plastiki hutolewa, watoto husomea nje chini ya taa ya mlangoni, na wanawake hukaa uani wakichambua mchicha kwa ajili ya kesho au wakisukana nywele.

Aliyekaa barazani hawezi kukwepa kusalimiana. Kijana anayepita lazima amwamkie mzee aliyekaa pale, "Shikamoo, babu," naye huitikiwa "Marahaba, mjukuu wangu, mama yako ameamkaje?" ingawa huenda hawana udugu wowote, na katika majibu ya swali hilo mtaa mzima hupata kujua nani amelazwa, nani amejifungua, nani hajalipa kodi na nani amepata safari. Habari hizo huweza kuwa umbea, na ni kweli kwamba baraza hilohilo linalomfariji mtu humchunguza pia; vijana wengi, na hasa wasichana, wameonja ukali wa macho hayo. Lakini ni vigumu kuona jinsi jirani anavyoweza kumjali mtu ambaye hamwoni. Mgonjwa wa chumba cha tatu hupelekewa uji kwa sababu jana hakutokea barazani.

Kwenye vijiwe vya kahawa jambo hili huonekana kwa ukaribu zaidi. Muuzaji hubeba birika lake juu ya jiko dogo la mkaa, akigonganisha vikombe vidogo ili watu wajue amefika, kisha huwamiminia kahawa chungu, iliyochemka kwelikweli, watu ambao wametoka nje kwa sababu ya joto. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, akiwemo Ollie Jay, walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia waendesha baiskeli, wakaonyesha kwamba kinywaji cha moto huchochea jasho zaidi kuliko joto kinaloliingiza mwilini, hivyo mnywaji anaweza kupoa, mradi jasho lote livukizwe. Sharti hilo la mwisho hutimia kwa nadra katika usiku wa Kariakoo wenye unyevu, na kwa hiyo haitakuwa sahihi kudai kwamba wazee wa kijiweni hunywa kahawa ili wapoe. Kikombe ni kidogo, hunywewa kwa mafunda machache pamoja na kashata, na kazi yake kubwa ni kumpa mtu sababu ya kukaa robo saa nyingine na wenzake.

Pamoja na wingi wa joto hilo, kuna wakazi wa Dar es Salaam ambao maisha yao huhatarishwa na baridi, nao ni watoto njiti, yaani wale wanaozaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito. Mtoto huyo hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, ngozi yenyewe ni nyembamba na hupitisha maji kwa urahisi, na eneo la mwili wake ni kubwa mno likilinganishwa na uzito wake, kwa hiyo hupoteza joto kuliko anavyoweza kulizalisha. Akizaliwa akiwa amelowa majimaji ya uzazi katika chumba cha nyuzi 28, ambacho mkunga anakiona kina joto la kumtoa jasho, uvukizaji wa majimaji hayo unaweza kuishusha halijoto yake chini ya nyuzi 36.5, ambazo Shirika la Afya Duniani limeziweka kuwa mpaka wa chini wa usalama kwa mtoto mchanga. Mtoto aliyepoa hutumia sukari na oksijeni yake kidogo ili ajipashe joto, hunyonya kwa udhaifu, hupumua kwa shida, na hali hizo huchocheana.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika jiji la Bogotá nchini Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria na mwenzake Héctor Martínez, waliokuwa na upungufu wa inkubeta, yaani mashine za kuwatunzia watoto joto, walianza kuwakabidhi mama wenyewe kazi ya mashine hizo. Utaratibu huo, unaojulikana katika hospitali za Tanzania kama huduma ya kangaroo, ni rahisi kuueleza. Mtoto huvuliwa nguo zote isipokuwa nepi, kofia na soksi, huwekwa wima katikati ya matiti ya mama, ngozi kwa ngozi, kichwa kikiwa kimegeuzwa upande ili njia ya hewa ibaki wazi, kisha mama na mtoto hufungwa pamoja kwa kanga au kitambaa maalumu na mama akaendelea kukaa, kulala akiwa ameegemea, hata kutembea. Kifua cha mama humpa mtoto joto kwa mpitisho, kitambaa huzuia msafara wa hewa, na ziwa liko karibu na mdomo.

Kwa miaka mingi huduma hiyo ilianza pale tu mtoto alipokwisha kutengemaa, jambo lililochukua siku kadhaa ambazo ndizo za hatari kuliko zote. Kati ya 2017 na 2020 Shirika la Afya Duniani liliratibu utafiti katika nchi tano, Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambapo kwa upande wa Tanzania walishiriki wataalamu wa Muhimbili, iliyoko Upanga, mwendo mfupi kutoka Jangwani. Watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waligawanywa katika makundi mawili: kundi moja lilianzishiwa kangaroo mara tu baada ya kuzaliwa, na lingine baada ya kutengemaa kama ilivyokuwa desturi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12.0 katika kundi la kwanza na asilimia 15.7 katika kundi la pili, na utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa faida ilikuwa dhahiri kiasi kwamba haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine.

Inafaa kuuliza ni nini hasa kilichowaokoa watoto hao, na jibu ni kwamba vitu vilivyofanya kazi haviwezi kutenganishwa. Katika kundi la kwanza mtoto alikaa kifuani takriban saa 17 kwa siku, jambo lililomlazimu mama, au ndugu aliyemchagua kumpokea zamu, awe ndani ya wodi muda wote badala ya kuja kwa saa za kutazama. Waliopoa walikuwa wachache zaidi na walioshukiwa kupata maambukizi ya damu walikuwa wachache zaidi. Yaelekea pia kwamba mtoto alishikwa na mikono michache ya wageni na alipata vijidudu vya ngozi ya mama zaidi kuliko vile vya hospitali, na alikuwa na mtu wa kutambua mara moja kwamba pumzi imebadilika. Kuna sababu ya kuliita jambo hili joto, na kuna sababu ileile ya kuliita upendo, na mtaalamu makini hana haja ya kuchagua moja.

Busara ya namna hiyo si ngeni kwa familia za pwani, ambazo huzitenga siku 40 baada ya kujifungua kwa ajili ya mzazi kuangaliwa. Mama yake, shangazi au somo humkanda kwa maji ya moto, humpikia uji wenye pilipili manga na kumzuia asifanye kazi za nyumba. Wahudumu wa afya wana haki ya kuonya kuhusu maji yanayounguza na kuhusu kukandwa tumbo kwa nguvu, hasa kwa aliyepasuliwa, na onyo hilo lifuatwe. Lakini sehemu kubwa ya matunzo hayo ni kwamba kwa siku 40 mwanamke aliyechoka haachwi peke yake, jambo ambalo wengi katika miji tajiri hulikosa.

Wanasaikolojia nao wamelishughulikia suala hili la joto na ukunjufu, japo kwa mafanikio yanayotofautiana. Mwaka 1946 Solomon Asch aliwasomea wanafunzi orodha mbili za sifa za mtu wa kufikirika, zilizofanana kila kitu ila moja ilimtaja kuwa mkunjufu na nyingine kuwa mkavu, na tofauti hiyo moja ilitosha kubadili kwa kiasi kikubwa namna walivyomwona mtu huyo. Mwaka 2008 Lawrence Williams na John Bargh walidai zaidi, kwamba kushika tu kikombe cha kahawa ya moto humfanya mtu awaone wengine kuwa wakunjufu. Dai hilo lilienea sana, lakini majaribio ya baadaye yaliyohusisha watu wengi zaidi hayakulithibitisha. Mtu wa Kariakoo, anayeshika vitu vya moto kutwa nzima, hana cha kusikitikia hapo.

Sokoni ukunjufu una thamani inayohesabika. Muuza nguo wa reja reja anayeanza bila mtaji huweza kupewa mzigo na mwenye duka la jumla kwa mali kauli, yaani bila fedha na bila karatasi, kwa ahadi ya mdomo kwamba atauza kisha arudishe bei waliyokubaliana. Dhamana ya mkopo huo ni kufahamiana: mwenye duka anamjua kijana huyo kwa sababu humwona kila asubuhi, humwita mdogo wangu na kujua mtaa anakolala. Mchezo wa kupeana fedha wanaoucheza mama lishe, ambapo kila mmoja humkabidhi kijumbe kiasi fulani na zamu ikifika akapokea fungu lote, husimama juu ya msingi uleule. Hata jengo la soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli katika miaka ya 1970 na kuungua Julai 2021, lilipewa mapaa ya zege yaliyotanuka juu ya nguzo kama miti, yakitoa kivuli huku pembeni kukiwa wazi kwa upepo, ili muuzaji na mnunuzi waweze kusimama na kupatana bei bila kukimbizana na jua.

Ujenzi wa miongo ya karibuni umeibadili hali hiyo. Nyumba nyingi za Kiswahili za Kariakoo zimebomolewa na nafasi yake kuchukuliwa na maghorofa yaliyojengwa hadi ukingo wa barabara, yenye maduka chini na makazi juu, na baraza halina tena pa kuwepo. Kiyoyozi hulitoa joto ndani na kulimwaga nje, pamoja na joto la umeme kinaoutumia, kwa hiyo kadiri waliojifungia wanavyopoa ndivyo mtaa unavyozidi kuwa na fukuto kwa machinga na kwa mwanamke anayekaanga mihogo kando ya barabara. Maghorofa yamewapa wengi vyumba bora, vyoo vya ndani na usalama, na si haki kuwatakia warudi kwenye bafu la uani la watu 20. Lakini msanifu anayeweza kuchora maegesho ya magari 30 anaweza pia kuchora ukumbi wenye kivuli na viti kwenye kila ghorofa, na hilo halijafanywa desturi.

Kwa upande wa Jangwani aliyebomoa ni mto kwanza. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na mwanzoni mwa 2012 serikali iliwapa waathirika wa mabondeni viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji, mahali pakavu na salama kwa upande wa maji. Miaka ya karibuni, chini ya mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi unaofadhiliwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Dunia, wakazi wengine wamelipwa na nyumba zao kuondolewa ili bonde libaki njia ya maji na bustani, uamuzi ambao kwa mtazamo wa usalama ni wa lazima. Kanuni za fidia za Tanzania za 2001 hutaja thamani ya ardhi na ya majengo yaliyomo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na hasara ya faida ya biashara. Mali kauli inayotegemea kuonekana kila asubuhi, kijumbe wa mchezo, na jirani wa chumba cha pili anayebaki na watoto mama anapowahi sokoni saa kumi alfajiri, havimo katika orodha ya mthamini, na havikuwepo Mabwepande. Baadhi ya waliopewa viwanja huko walirudi bondeni, wakawemo humo mto ulipofurika tena katika masika ya miaka iliyofuata.